Uliza Mkunga: Mkwe anakuja kunilea uzazi, na mume amepata mtu wa kulipwa

SWALI: Shikamoo Bi Mkunga. Nina mimba ya miezi minane. Mama yangu alishafariki. Mtoto wa kwanza nilijifungua kwa operesheni, na safari hii daktari amesema itakuwa hivyo hivyo. Mama mkwe anakuja kutoka Pangani kunilea uzazi. Ameshasema atanikanda tumbo kwa maji ya moto, na mtoto atampa maji kidogo asikaukwe na koo. Mume wangu naye amepata dada anayelipwa kwa siku kukaa na wazazi majumbani. Nikimkubali huyo, mkwe ataona nimemkataa. Nifanyeje?
*Mama K., Tabata, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wachukue wote wawili, ila kila mmoja ajue kazi yake kabla hujaingia wodini.

Katika miaka niliyozungukia wazazi majumbani, Temeke na Ilala, sijaona kichanga aliyekosa wa kumpakata. Niliowaona ni wazazi ambao mpaka adhuhuri hawajatia kitu tumboni, huku sebule imejaa wageni wanaosubiri chai. Kwa hiyo huyo dada mchukue awe mtu wako wewe, si yaya. Afue, akuinue kitandani bila kuvuta mshono, akuletee mtoto unyonyeshe, kisha amcheulishe wewe ulale. Muelewane malipo mapema, na hasa habari ya usiku, maana usiku ndipo kazi ilipo. Kabla ya kumchukua muulize: mzazi akitetemeka kwa homa siku ya tano, saa nane za usiku, utafanya nini? Akisema atamkanda, mshukuru na umpe nauli. Unayemtaka ni yule atakayesema, "Tunakwenda hospitali sasa hivi."

Sasa mkweo. Kukandwa mgongo na miguu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu ni raha, wala sitakunyima. Lakini tumbo lenye mshono halikandwi. Nimewauguza wanawake walioungua matumbo kwa mikono ya watu waliowapenda. Usibishane naye wewe; mkwe habishwi na mkamwana, hasa mkamwana aliyelala kitandani. Nenda naye kliniki ya mwisho, umuombe nesi aeleze mbele yake. Halafu mkabidhi jiko. Mama wa Pangani akikupikia uji wa mchele wa tui wenye hiliki na pilipili manga, na supu ya samaki mchana, amekulea kuliko huo ukandaji. Mzazi anayenyonyesha ana njaa isiyo na saa.

Maji kwa mtoto hapana, hata tone, mpaka atimize miezi 6. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji, kwa hiyo koo halikauki. Baada ya operesheni maziwa huweza kuchelewa kujaa siku chache, na hapo ndipo maneno huanza: "Mtoto ana njaa, mpeni chochote." Kile kidogo cha manjano kinachotoka, dang'a, ndicho chakula chake. Azidi kuwekwa titini. Kitovu nacho kiachwe kikauke chenyewe: si majivu, si mafuta, si mate ya bibi.

Arobaini zako kaa ndani, upumzike, lakini kutoka kwenda kliniki si kuvunja arobaini. Muonwe wewe na mtoto siku ya pili au ya tatu (huenda bado mko wodini), tena wiki ya pili, na tena wiki ya 6. Usingoje tarehe ukiona damu inalowesha pedi ndani ya saa moja, homa, mshono unatoa usaha, mguu mmoja umevimba na unauma, au kichwa kinagonga na macho yanaona maluweluwe. Kifafa cha mimba huweza kuja hata baada ya kujifungua. Mtoto naye akikataa titi, akipumua mbiombio, akipata degedege au akiwa wa manjano mpaka viganjani, mbebe mwende. Machozi ya siku za mwanzo yapo na hupita. Yakivuka wiki mbili, au ukihisi humtaki mtoto, mwambie nesi bila haya. Hiyo ni sonona, na ina tiba.

Na mumeo, kama ameajiriwa, sheria ya kazi inampa siku 3 za likizo yenye malipo ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Asizitumie ukiwa ungali wodini ambako manesi wapo. Azianze siku unaporudi nyumbani, na zamu ya nepi za usiku iwe yake. Wageni awapokee mlangoni, wakae robo saa, waende.