Jibu: Viini vingi au nanomita chache?

Mkuu, umeuliza kwa nini prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel ya nanomita 14 iliweza kupambana kwenye gemu na ya mpinzani wao AMD ya nanomita 7, na kama wingi wa viini, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja, ndio uwe kigezo cha kununua.

Nanomita zisikutishe. Zamani namba ile ilikaribiana na vipimo halisi vya transista (viswichi vidogo ndani ya prosesa), siku hizi ni jina la sokoni tu. Mwaka 2021 Intel waliipa teknolojia yao ya nanomita 10 iliyoboreshwa jina la "Intel 7". Kilichobadilika ni lebo.

Kwenye viini ndiko kulikuwa na vita yenyewe. Kwa miaka mingi prosesa za Intel i7 za kompyuta za kawaida za mezani zilibaki na viini 4, maana hakukuwa na wa kuwasukuma. Machi 2017 Ryzen 7 ya AMD ikaingia na 8. Mwaka huohuo Intel wakapanda hadi 6, mwaka uliofuata 8, na 2019 AMD wakafika 16. Siri yao ilikuwa kuunganisha vipande vidogo vya silikoni badala ya kuchonga kimoja kikubwa, kwa sababu kipande kidogo hakiharibiki ovyo kiwandani. Intel walikuwa wamekwama, nanomita 10 zimechelewa kupita kiasi.

Ila hesabu kwa makini: i9-12900K ya Intel ina viini 16, lakini 8 ni vikubwa na 8 ni vidogo vya kubana umeme.

Kama ni gemu, chukua ya viini 8 na pesa inayobaki iongeze kwenye kadi ya picha. Kama unahariri video kila siku, hapo 16 utaiona faida yake.