Jibu: Kidato cha Kwanza wanaokaa kimya kwenye kipindi cha Kiingereza

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanye nini na wanafunzi 70 wa Kidato cha Kwanza wanaokaa kimya kipindi chote cha Kiingereza, na utapata wapi mafunzo ilhali shule haina fedha za semina. Kimya hicho usikichukulie kuwa uvivu, kwani wengi wao wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha ghafla masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza.

Mimi hutumia imla ya kukimbia. Nabandika aya fupi nje ya mlango, wanafunzi wanakaa wawili wawili, mmoja anatoka, anasoma sentensi moja, anaikariri, kisha anarudi kumtamkia mwenzake anayeandika. Juzi binti mmoja alitamka "My mother sells fish. She wakes up at five", naye mwenzake akaandika "He wakes up", wakabishana hadi binti akarudi mlangoni kuhakikisha. Hapo nilisimamisha kazi, tukazungumzia "yeye" yetu isiyotenganisha mke na mume, na darasa zima likasikiliza sarufi kwa makini ambayo sikuwa nimeizoea.

Kuhusu mafunzo, MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yamekusudiwa kufanyika shuleni hapo hapo, katika jumuiya za ujifunzaji, yaani vikundi vya walimu wanaokutana kujifunza pamoja. Ikiwa jumuiya yenu imelala, mwombe mwalimu mmoja aketi nyuma ya darasa lako, akuandikie ni wanafunzi wangapi walizungumza na wewe ulizungumza dakika ngapi, nawe umtembelee yeye wiki inayofuata.