Jibu: Kuanza kazi Dubai kwa viza ya matembezi

Habari ndugu. Umeuliza kama uanze kazi ya ghala kwa viza ya matembezi, huku wakala akitaka umlipe kwanza ndipo ashughulikie kibali. Usianze, wala usilipe. Kibali huombwa na mwajiri, na sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inamkataza kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, hata kupitia mtu mwingine. Dai kwanza barua ya ofa iliyotolewa kupitia wizara ya kazi ya huko. Mimi huanza kuisoma barua hiyo kwenye mshahara wa msingi, ambao wajanja huupunguza na kuzijaza posho, kwa kuwa kiinua mgongo hukokotolewa kwa huo pekee. Pasipoti ibaki mikononi mwako.