Kukarabati nyumba ya kupangisha kwa fedha za mwenzako: ipi halali, ipi riba

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Katika mirathi ya baba nimepata nyumba ya vyumba sita hapa Tanga. Nataka kuikarabati niipangishe, lakini sina fedha, na fundi amekadiria milioni 12. Mpangaji wa chumba cha mbele, mwenye duka, yuko tayari kukitengeneza mwenyewe, gharama yoyote itakayofika tukatane kwenye kodi. Rafiki yangu naye yuko tayari kunipa milioni 12 zote, nimpe laki tatu kila mwezi mpaka nitakapomrudishia fedha yake kamili. Je, haya yanafaa? Na zaka ya nyumba hii iko vipi?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Nianze na la rafiki yako, maana ndilo zito. Milioni 12 zitarudi kamili, na kabla hazijarudi zinazaa laki tatu kila mwezi. Huo ni mkopo wenye nyongeza iliyoshurutishwa, nayo ni riba, hata mkiiita mgawo wa kodi. Nyumba ikikosa wapangaji, laki tatu inadaiwa. Ikiungua, milioni 12 zinadaiwa. Kuuita mudharaba, yaani ubia ambao mmoja anatoa mtaji na mwingine anaufanyia kazi kisha wanagawana faida, pia hakusaidii: mwanachuoni Ibn al-Mundhir amenukuu ijmaa (makubaliano ya wanazuoni) kwamba mudharaba hubatilika pale mmoja anapojiwekea dirhamu maalumu, yaani kiasi cha fedha kilichofungwa, badala ya fungu la faida. Tena hata kwa hesabu ya dunia huponi. Vyumba sita kwa elfu 80 ni 480,000 kwa mwezi. Ukimpa laki tatu unabaki na 180,000, na deni halijapungua hata shilingi.

Njia za halali zipo, na mbili zinakufaa.

Ya kwanza ni kushirikiana katika umiliki. Mlete mthamini aipime nyumba kama ilivyo leo. Tuseme ni milioni 48. Pamoja na ukarabati wa milioni 12 jumla ni milioni 60, na fungu la rafiki yako ni humusi, yaani moja kati ya tano. Katika madhehebu yetu ya Shafii nyumba haiwi mtaji wa shirika (ubia) moja kwa moja kama fedha, basi njia yake ni kuuziana kwanza. Muuzie humusi ya nyumba kwa 9,600,000. Fedha hizo sasa ni zako, nawe unaziingiza kwenye ukarabati kama mchango wako wa nne ya tano. Yeye anaingiza 2,400,000 zilizobaki. Jumla ya ukarabati ni milioni 12, na kila mmoja amechangia kwa kadiri ya umiliki wake. Andikeni mbele ya mwanasheria na mashahidi, maana akifa humusi ile ni ya warithi wake, na hapo maneno ya mdomo hayamsaidii mtu.

Kodi ikiingia, toeni kwanza akiba ya matengenezo, tuseme 60,000. Katika 420,000 zinazobaki, zake ni 84,000. Mwezi wenye vyumba vitupu wote mnapungukiwa. Ukitaka kumnunua baadaye, mnunue kwa bei ya soko ya siku hiyo. Msiandike leo kwamba utamrudishia milioni 12 zake hata iweje, kwani kumdhaminia mtaji kunairudisha riba kwa mlango wa nyuma.

Ya pili ni kumkodisha yeye nyumba nzima kwa malipo ya mbele. Miezi 32 kwa 375,000 ni milioni 12 kamili. Anakabidhiwa leo na muda unaanza leo, kwa sababu Mashafii hawajuzishi kukodisha nyumba maalumu kwa muda utakaoanza baadaye. Ndiyo maana miezi miwili ya mafundi nimeihesabu ndani ya bei. Ukarabati ukiisha yeye anapangisha kwa 480,000; miezi 30 ikijaa ni 14,400,000. Faida hiyo ni yake kwa halali, na vyumba vikikaa vitupu hasara ni yake. Nyumba ikibomoka katikati, mkataba unavunjika na unamrudishia kodi ya miezi iliyobaki. Kama huna moyo wa kuuza sehemu ya nyumba ya baba, hii ndiyo nyepesi kwako.

Sasa mpangaji wa mbele. Imam an-Nawawi amesema wazi katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi ya Kishafii, kuwa ujira sharti ujulikane, hivyo haisihi kupangisha kwa malipo ya “utaitengeneza”. Kila mwenye nyumba kuukuu anajua sababu: fundi anabandua plasta anakuta nyaya zimeoza, makadirio ya laki tisa yanafika milioni moja na nusu, mpangaji anadai karibu miezi 19 nawe ulifikiria 11. Fungeni mkataba wa 80,000 kwa mwezi bila kutaja matengenezo. Ukishafungwa, mpe uwakala wa kutumia kodi unayomdai kwa kazi mlizoziorodhesha, kikomo 960,000, yaani mwaka mmoja, kwa risiti. Atakachozidisha bila idhini yako amejitolea. Rafu zake za duka atang'oa akihama.

Hukuuliza kuhusu ubora wa kazi, lakini ni sehemu ya hukumu. Nyumba za pwani hupanda chumvi ukutani. Mafundi wengi hupaka rangi juu yake, na baada ya miezi michache rangi inavimba na kubanduka, kwa kuwa unyevu bado unapanda kutoka kwenye msingi. Anza na paa, kisha unyevu: bandua plasta yote iliyoathirika, acha ukuta ukauke, piga plasta mpya kwa mchanga usio wa baharini. Nyaya zipite kabla ya plasta. Rangi iwe ya mwisho. Kuufunika unyevu ili umpate mpangaji ni ghushi, yaani udanganyifu. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika lundo la nafaka akakuta umajimaji chini, akasema, “Mwenye kutughushi si katika sisi” (Muslim).

Paa, kuta, nyaya na mabomba ni juu ya mwenye nyumba. Usipovitengeneza, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Karo, yaani shimo la maji taka, likabidhi likiwa tupu. Litakalojaa baadaye wapangaji wachangie, na liandikwe. Luku (mita ya umeme wa kulipia kabla) moja kwa vyumba sita ni ugomvi wa kila wiki, basi funga mita ndogo kila chumba.

Zaka ni rahisi. Jengo la kupangisha halina zaka. Hivyo ndivyo ilivyopitisha Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah, baraza la wanazuoni wa nchi za Kiislamu, mwaka 1985. Zaka iko kwenye kodi uliyoipokea, ikifika nisabu (kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka) na kupitiwa na mwaka mikononi mwako, asilimia 2.5. Nisabu ni gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za madini ya fedha, na kuchukua kipimo cha madini ya fedha kunawafaa zaidi mafukara. Kodi uliyoitumia kabla ya mwaka haihesabiwi. Hata ukinuia kuja kuiuza nyumba hii, haiwi bidhaa ya biashara kwa Mashafii, kwa sababu umeirithi, hukuinunua. Aliyenunua nyumba kwa nia ya kuikarabati na kuiuza, huyo anaithamini kila mwaka na kutoa zaka ya thamani yake yote.

Wallahu aalam.