Ugali nimeacha, mbona kilo zinapanda?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Isanga hapa Mbeya na nauza mitumba Mwanjelwa. Kabla ya mtoto wa pili nilikuwa na kilo 68, urefu wangu sentimita 160. Mtoto sasa ana mwaka na miezi 4, bado ananyonya. Miezi miwili iliyopita nilipima nikakuta 84 nikaogopa, nikaanza dayati, ugali na wali nikaacha kabisa, usiku nakula matunda tu. Shida ni kwamba ikifika saa 5 usiku njaa inanishika naamka nakula mkate na siagi. Juzi nimepima tena niko 86! Wifi yangu ananiambia acha kujitesa huo mwili ni raha ya ndoa, lakini mi nikipanda kilima cha kwenda nyumbani nahema na magoti yanauma. Asubuhi nakunywa chai na vitumbua 3, sokoni baridi si unaijua ya huku, nakunywa chai vikombe vingine 4 hivi, kila kikombe vijiko 3 vya sukari, na wakipita wa maandazi au karanga nachukua. Niache vyakula gani?
Mama Wawili, Isanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa magoti. Kwanza kabisa rudisha ugali. Najua umeshangaa, lakini soma tena barua yako mwenyewe uone, ugali umeondoka lakini chai vikombe 5 imebaki, vitumbua vimebaki, maandazi yamebaki, halafu ukaongeza mkate wa usiku ambao zamani hukuwa nao. Umemfukuza aliyekuwa anakushibisha ukabaki na wale wanaopita tu mdomoni.

Tuanze na hiyo chai maana ndo kubwa kuliko yote na watu wa huku kwetu hatuioni kabisa kama ni chakula. Kijiko cha chai cha sukari, kile cha kusawazisha kisichojaa kilima, ni kama gramu 4. Vijiko 3 mara vikombe 5 ni vijiko 15, yaani gramu 60 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu zote unazokula kwa siku na ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 25, vijiko 6 hivi. Wewe uko kwenye 15 na hatujagusa andazi. Kwa mwezi hiyo ni kilo 1.8 ya sukari, peke yako, kwenye chai tu! Mwezi ujao ukienda dukani mwambie muuza duka akupimie kilo 1.8 uishike mkononi ndo utanielewa.

Sikwambii uache chai, nani ataacha chai Mbeya mwezi wa 6 na wa 7, mimi nimekulia Mbalizi najua asubuhi zile vidole vinavyokufa ganzi. Punguza kijiko hatua kwa hatua. Wiki hii vijiko 2 kila kikombe, wiki mbili zinazofuata kijiko 1, ulimi unazoea wenyewe na baada ya muda ile chai ya zamani utaiona kama shira. Weka tangawizi nyingi na mdalasini, joto linapatikana vilevile. Na usije ukahamia asali au sukari guru ukadhani umepona, mwilini zote zinaingia kwenye hesabu ileile ya sukari.

Halafu vitumbua na maandazi. Tatizo lake ni kwamba unga mweupe au mchele, sukari na mafuta vyote vimekaa kwenye kitu kimoja laini ambacho unakimaliza kwa dakika mbili na baada ya saa moja na nusu una njaa tena, kwa hiyo mwenye beseni akipita unamuita. Mafuta ya kupikia yana kalori 9 kwa kila gramu moja, wakati wanga na sukari zina 4, kwa hiyo chochote kilichozama kwenye karai kinatoka na mzigo mkubwa kuliko ulivyokuwa unafikiria. Mfano mzuri ni viazi vyetu hivi hivi vya Uyole, gramu 100 ukivichemsha ni kama kalori 87, ukivikaanga vikawa chipsi ni karibu 300 na hapo mayai hayajamwagwa juu. Kwa hiyo asubuhi kula kiazi kitamu au gimbi la kuchemsha na yai la kuchemsha, yai moja ni kalori 70 na kitu tu na linakaa tumboni. Kitumbua kiwe cha jumapili, kimoja, ukifurahie.

Karanga ni chakula kizuri, zina protini, lakini gramu 100 zina kalori zaidi ya 550, sasa ile ya kutafuna huku unapanga nguo na kuongea na wateja mkono ukiingia kwenye kifuko bila kuangalia, hapo ndo zinapokuumiza. Chukua za kujaa kiganja kimoja, kifuko kirudishe kwenye pochi.

Nyumbani angalia chupa ya mafuta. Lita moja ya mafuta ni zaidi ya kalori 8,000. Kama mko wanne na lita inaisha ndani ya siku 4, kila mmoja wenu anakunywa kalori 500 za mafuta kwa siku, ambazo hakuna anayezihesabu kwa sababu zimejificha kwenye mchicha na maharage. Jitahidi lita hiyohiyo ifike siku 8. Pima kwa kijiko cha chakula, usimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa, nyanya na kitunguu viive na maji kidogo, ladha inakuja. Hata bajeti itakushukuru.

Sasa ugali wenyewe. Usiku gawa sahani, nusu nzima iwe mboga za majani, mnafu, chainizi, majani ya maboga, chochote kilichopo sokoni, robo iwe maharage au samaki au usipa wa Kyela (wa kuanika uliopikwa na nyanya, sio wa kukaanga mpaka ukakauka), robo iliyobaki ndo ugali, ukubwa wa ngumi yako. Wengi wananiuliza dona au sembe. Kwa kalori havipishani sana, ila dona ina pumba na kiini chake kwa hiyo nyuzinyuzi ni nyingi na unashiba mapema, mi nachagua dona. Matunda kula lakini yasiwe chakula cha usiku peke yake, ndo maana saa 5 unaamka. Wali pia kula, ngumi hiyohiyo, najua mchele wa Kyela ulivyo mgumu kuuacha kwenye sufuria.

Kingine na hiki naomba ukisikilize sana. Unanyonyesha. Mwili wako unahitaji nguvu na virutubisho zaidi kwa ajili ya maziwa, kwa hiyo dayati za kushinda njaa, za maji ya limao siku nzima, hapana. Na hizo dawa za kupunguza tumbo zinazouzwa kwenye chupa zisizo na maelezo ya maana, usinunue hata kwa bei ya bure. Kuna ambazo ni za kuharisha tu, unapoteza maji mizani ikakudanganya siku mbili, mafuta yako palepale, na vingine vinaweza kupita kwenye maziwa vikamfikia mtoto. Niliwahi kukaa na mama mmoja aliyezitumia wiki tatu, alipungua mpaka akaanguka kisimani, alipoacha kilo zikarudi zote.

Ukichukua kilo 86 ukagawa kwa urefu wako wa mita 1.6 mara 1.6 unapata 33 na nusu hivi, na kuanzia 30 kitaalamu ndo inaitwa unene uliopitiliza, kwa hiyo wifi yako anakupenda lakini magoti yako ndo yanasema ukweli. Ila usiwaze 68 sasa hivi. Waza kilo 4 za kwanza, hiyo ni karibu asilimia 5 ya uzito wako na hapo tu presha na sukari vinaanza kunufaika. Nusu kilo kwa wiki inatosha, ni miezi miwili hivi. Pima mara moja kwa wiki, asubuhi, mizani ileile. Na kile kilima cha nyumbani usikikimbie kwa bajaji kila siku, siku ambazo magoti yametulia panda taratibu, pumzika, panda tena. Ukiweza kwenda kliniki siku ya mtoto muombe nesi akupime na wewe presha na sukari.

SWALI: Dada mimi ni fundi ujenzi niko Ipogolo, Iringa, nina miaka 41. Kazi yangu ya nguvu, chakula sili sana, lakini kitambi kinakua, mkanda umefika mwisho, nimejipima kiuno ni sentimita 108. Jioni baada ya kazi napata bia 4 na kitimoto na wenzangu, msimu wa ulanzi (pombe ya mianzi) nakunywa ulanzi kwa sababu ni wa asili. Tatizo ni nini?
Fundi, Ipogolo

JIBU: Kaka yangu, umelitaja mwenyewe. Bia ya mililita 500 ina kama kalori 200, kwa hiyo 4 ni 800, hicho ni chakula kamili cha jioni ulichokunywa kabla kitimoto hakijafika mezani. Pombe yenyewe ina kalori 7 kwa gramu, karibu sawa na mafuta, halafu ini likipata pombe linaishughulikia kwanza na kazi ya kuchoma mafuta inasubiri, na hapo ndo unakuwa umeshakula nyama ya kukaanga yenye mafuta na ndizi za kukaanga pembeni. Kazi ya zege ni ngumu kweli lakini haiwezi kufuta hiyo kila jioni.

Ulanzi kuwa wa asili haujatolewa kwenye hesabu. Ule mtamu wa kugemwa leo una sukari, ukichacha sukari inageuka kuwa pombe, njia zote mbili ni kalori.

Kiuno cha mwanaume kikipita sentimita 102 hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo inakuwa kubwa, na wewe uko 108, na mafuta ya tumboni ndo mabaya zaidi maana yanazunguka ini na viungo vya ndani. Naomba usingoje. Wiki hii nenda kapime sukari na presha. Siku za pombe ziwe 2 kwa wiki badala ya 7, na siku hizo bia zisizidi 2, kitimoto agiza ya kuchoma isiyo na mafuta mengi na kachumbari nyingi, sahani ya ndizi mgawane. Na sehemu ya bia usiweke soda, chupa ya mililita 350 ina gramu 35 hivi za sukari, utakuwa umehama chumba kimoja kwenda kingine kwenye nyumba ileile.

SWALI: Parachichi linanenepesha? Huku kwetu Rungwe tunalo mpaka tunawapa nguruwe, nakula mawili kwa siku.
Binti, Tukuyu

JIBU: Parachichi ni zuri mdogo wangu, mafuta yake mengi ni yale mazuri kwa moyo na lina nyuzinyuzi, lakini gramu 100 ni kalori 160 na yale makubwa ya Tukuyu moja tu linaweza kupita gramu 300 za kula, sasa mawili piga hesabu mwenyewe. Kula nusu kwa mlo, na siku hiyo mboga ichemshe tu na nyanya na chumvi kidogo bila mafuta ya chupa, maana parachichi limeshakuja nayo.