Vikapu vitatu na ufunguo uliokuwa mfukoni mwangu

Juzi kijana mmoja wa Kansas, hapa Marekani, kaniandikia. Wamejenga uwanja wa diski gofu, mchezo wa kurusha visahani viingie kwenye vikapu vya minyororo, nyuma ya kanisa lao, mashimo tisa, kila shimo na kikapu chake, na asubuhi moja wamekuta vikapu viwili havipo. "Kaka, wewe ulifanyaje?" Amenigusa penye kidonda.

Huku kwetu Iowa vilikwenda vitatu, usiku mmoja wa Novemba. Nilifika na mwanangu turushe kidogo kabla ya theluji, tukakuta shimo la 14 limebaki bomba tupu, limejaa majani. La 6 na la 7 hivyo hivyo. Makufuli hayakuvunjwa, yalifunguliwa. Na funguo nilikuwa nazo mimi.

Tangu Ed Headrick abuni kikapu cha minyororo huko California miaka ya 1970, umbo lake halijabadilika sana. Vyetu nguzo inaingia kwenye bomba lililozikwa katika zege, kisha kufuli moja linaishika, ili tuweze kuhamisha kikapu nyasi zipumzike na mchezo ubadilike. Likifunguka, watu wawili wananyanyua na kupakia kwenye pikapu. Kipya ni mamia ya dola. Kwenye mizani ya vyuma chakavu hakilipi hata chakula cha mchana. Nimekulia Mwanza, nimeona mifuniko ya mitaro ikienda kwa njia hiyo hiyo, na hasira yangu ni ile ile.

Ila chuma hakikuniumiza kama kikao tulichokaa baada ya wizi. Mtu niliyekoroga naye zege, tumepiga magoti pamoja matopeni, aliuliza mbele ya wote, "Funguo anazo nani?" Akanitazama. Mgeni nilikuwa peke yangu pale mezani. Sikulala siku hiyo. Baadaye ikajulikana makufuli yote 18 yalinunuliwa ya ufunguo mmoja, na nakala sita zilikuwa zikizunguka mikononi mwa watu tangu uwanja ufunguliwe. Hakuna aliyeniomba radhi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, anza na funguo. Badilisha makufuli yote, funguo wakae nazo watu wawili tu, na kila anayezichukua aandike kwenye daftari na kutia sahihi. Nunua kufuli ambalo shingo yake imefichwa ndani, mkasi wa chuma ukose pa kuuma. Chonga jina la uwanja na namba kwenye nguzo yenyewe, kwa sababu rangi hufutika. Majimbo mengi yanamtaka mnunuzi wa vyuma chakavu aandike kitambulisho cha muuzaji, na chuma chenye jina humtia wasiwasi. Kikiibwa, piga simu kwao siku hiyo hiyo. Mimi nilipiga siku ya nne, nikaambiwa vitu vyenye minyororo vilipita na vimeshapondwa.

Narudia, funguo. Wengi wetu tunapenda kurusha, kulinda tunamwachia mwingine. Tunakuja Jumamosi, tunahesabu alama zetu, vikapu hatuvihesabu. Uwanja ni jasho la watu, na anayeucheza bila kuulinda anakula asichopanda.

Sasa ni majira ya pili ya baridi, hatujapoteza hata kimoja. Daftari liko kwangu. Yule aliyeuliza funguo anazo nani, akitaka kuhamisha kikapu huja mlangoni kwangu, na hutia sahihi kama wengine.