Je, moto wa namna nyingi huleta viumbe vingi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nakaa Gede, pwani ya Kenya, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Kaskazi iliyopita jirani alichoma shamba, moto ukamponyoka ukala kichaka chote cha nyuma. Masika ilipoingia pakachipua maua ambayo sijayaona miaka mingi, na ndege tele. Kijana wangu anasema moto ukiwa wa namna nyingi, na viumbe huwa vya namna nyingi. Ni kweli? Mbona basi tunakatazwa kuwasha moto msituni?

JIBU: Marahaba. Kijana wako kasema nusu.

Nusu aliyoipatia ni hii: moto hauli sawasawa. Ukisukumwa na upepo hukimbia. Ukienda kinyume cha upepo hutambaa. Mwanzo wa kiangazi nyasi bado zina maji, kwa hiyo huruka viraka, mwishoni hufagia. Ungechutama kichakani siku ya pili yake ungeyaona. Penye jivu jeupe palilala gogo likateketea lote, udongo wa chini umepikwa. Hatua mbili mbele jivu ni jeusi, na ukifukua kidogo mizizi ya nyasi ingali hai. Mkoma umeunguzwa makuti, lakini moyo wake mzima. Eka moja tu, makao matatu! Kuna swala wanaofuata nyasi changa, tohe anataka ndefu za kumfichia mtoto, kigogota anatafuta mti mkavu uliosimama. Choma pote kwa pamoja kila mwaka, na wawili kati ya hao watahama.

Lakini si kila kiumbe hujali. Katika hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, tangu 1954 kuna viwanja vinavyochomwa kwa ratiba mbalimbali, vingine kila mwaka, vingine kila baada ya miaka kadhaa, na vingine haviguswi. Walipochunguzwa sisimizi, tofauti kubwa ilikuwa kati ya palipochomwa na pasipochomwa. Ratiba yenyewe haikuwashughulisha sana.

Na huko ni nyika. Arabuko-Sokoke ni kitu kingine. Upande wa miti ya mrihi uko wazi, chini pana nyasi, moto mwepesi huvumilika. Upande wa miti ya mfunda umesongamana na haukuzoea moto. Ndiko anakoishi yule bundi mdogo wa Sokoke. Halafu yupo sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na kiuno cha dhahabu. Kiota chake ni lundo la majani makavu chini, na wadudu anaowala wamo kwenye majani hayo hayo. Moto wa kutambaa, ambao nyikani tungeuita wa upole, humwondolea nyumba na chakula kwa asubuhi moja.

Kuhusu ndege wako, watazame vizuri. Kama ni tetere na wengine wa mashambani, kichaka hakijapata wageni wapya: kimegeuka shamba. Maua nayo yasubiri mwaka wa pili, maana magugu ndiyo hutangulia penye jua na jivu.

Jirani mwambie afyeke mkanda mpana kuzunguka shamba kwanza, achome jioni upepo ukishalala, na asiondoke mpaka moshi uishe.